Punje Nyuma ya Sikio la Theofrida

Kastory Gama alikufa wakati mbaya. Wakati mzuri wa kufa haupo, hilo tunalijua, lakini Kastory alikwenda kufa katika juma la kipimo, na dada yake Otilia ndiye aliyekuwa mtunza kipimo wa kijiji cha Mkwera. Alipomaliza kumfumba marehemu macho, Otilia aliinua mkono akaitazama bangili yake. Tumtendee haki: kabla ya kuitazama alikuwa ameshalia.

Bangili ilikuwa nyekundu, nyekundu iliyokolea kuliko siku zote. Kando yake, ukutani, wifi yake Theofrida, mjane wa Kastory, alikuwa amekaa sakafuni, amenyoosha miguu, anapiga paji la uso kwa kiganja, polepole, bila sauti. Otilia aliona aibu kwa wazo lililomjia, nalo lilimjia hata hivyo: safari hii tutapita.

Kwingineko watu hufurahi wakiona kijani. Mkwera kijani kiliogopwa kuliko chui. Nyekundu maana yake msaada unaendelea. Kijani maana yake mmepona, hongereni, tunahamia kwa wengine wenye shida kuwazidi. Vijiji viwili vya jirani vilikuwa vimeshapewa hongera hiyo pamoja na cheti na picha ya pamoja, na sasa ukipita huko unakuta milango imefungwa kwa misumari.

Zamani, wakati bibi zetu wasichana, mataifa tajiri yalitoa msaada kwa kusoma ripoti. Ripoti zikadanganya. Wakaomba picha, picha zikadanganya. Wakaleta wataalamu, wataalamu wakala posho na kuandika ripoti. Ndipo Mfuko wa Huruma wa Mataifa ukaja na punje. Ni kidude kidogo kama mtama, kinafukiwa chini ya ngozi nyuma ya sikio la mtu mmoja katika kila kijiji, mtu huyo akaitwa mbebaji. Punje inasoma damu na mishipa ya fahamu, inajua huzuni, inajua furaha, inajua maumivu, inavipeleka vyote angani, na rangi yake huonekana kwenye bangili ya mtunza kipimo. Huko ng'ambo kwenye theluji, wahisani wanakaa kwenye viti vya kuegemea, wanavaa kofia laini, na kwa muda wa kunywa kahawa wanahisi kile anachohisi mbebaji. Wakilia, fedha za kodi yao zinafunguliwa ziwe msaada. Wasipolia, hazifunguliwi. Ripoti hudanganya, walisema, lakini damu haidanganyi.

Watu wa Mkwera walijaribu, si haba. Mwaka wa kwanza walimpaka mbebaji pilipili machoni. Punje ilicheka, kama punje inaweza kucheka, na kijiji kikapigwa faini ya msimu mzima. Mwaka wa pili walimweleza mbebaji ukweli, kwamba asipohuzunika watoto watakufa. Mbebaji yule badala ya kuhuzunika aliogopa, na hofu ina rangi yake, ya njano, nayo wahisani hawakuipenda. Iliwapa kichefuchefu, kahawa ikawatoka puani. Tangu hapo ikawa mwiko kumwambia mbebaji lolote kuhusu kipimo. Aachwe aishi maisha yake, na maisha yake yawe magumu.

Mbebaji wa sasa alikuwa Theofrida, na kilichokuwa rehani ni mtambo wa hewa pale zahanati. Mgodi wa makaa ulikuwa umefungwa siku nyingi na wenyewe wameondoka, ila vumbi hawakuondoka nalo. Watoto wa Mkwera walizaliwa na mapafu yasiyofunguka vizuri. Walilala kwenye vitanda vya zahanati, mirija puani, na mtambo uliwapumulia. Mtambo haukuwa mali ya kijiji. Ulisikiliza amri kutoka angani, na siku kijani kikithibitishwa ungejifunga wenyewe, taratibu, bila kelele, kwa sababu waliouunda walikuwa watu wastaarabu.

Katika kitanda cha dirishani alilala Kresensia, mtoto pekee wa Kastory na Theofrida, mwenye miaka saba. Hakuruhusiwa kwenda kumzika baba yake. Mrija haufiki.

* * *

Asubuhi ya maziko watani waliwasili, na hapo ndipo Otilia alipojua kwamba alikuwa amesahau jambo ambalo Mngoni yeyote hapaswi kulisahau.

Walikuja Wahehe wa ng'ambo ya bonde, wanne, mbele yao Blandina Kihongosi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alikuwa ameshapita nyumbani kwa marehemu kwa mlango wa nyuma na kuchukua kofia ya Kastory, ameivaa upande kama alivyokuwa akiivaa mwenyewe. Kila mtu alijua kitakachofuata. Watani wangemwiga marehemu anavyotembea, wangemlaumu kwa uvivu wa kuamka, wangekamata kuku, wangeingia kaburini na kukataa kutoka mpaka walipwe. Na mjane angecheka. Ndiyo kazi yao, kumchekesha mjane kabla huzuni haijamgeuka ugonjwa.

Otilia aliwakimbilia njiani, akawazuia kabla hawajafika uani.

"Kamwene, mtani," Blandina alisema, akamtazama juu hadi chini. "Nasikia yule mvivu wenu amepata kisingizio kipya cha kutokwenda shamba."

"Blandina, leo hapana."

"Leo hapana nini?"

"Utani. Leo hakuna utani. Rudini, nitawaletea kuku wenu mwenyewe kesho kutwa."

Blandina alisubiri kidogo, kwa sababu alidhani huo nao ni utani. Alipoona si utani, uso wake ulibadilika.

"Otilia, mama yako alipokufa, nani alilala kaburini?"

"Wewe."

"Nani alikufanya ucheke mpaka ukakaa chini?"

"Wewe, Blandina. Lakini mama yangu hakufa juma la kipimo." Otilia alishusha sauti. "Theofrida akicheka, mtambo unafungwa. Sikutishi. Unafungwa kweli."

Blandina alivua kofia, akaigeuza mikononi. Alikuwa anajua habari za punje, nani hakuzijua. Lakini kumrudisha mtani mlangoni kwa marehemu halikuwa jambo lililowahi kufanyika, na maiti iliyozikwa bila watani husemwa vibaya kizazi hata kizazi. Walibishana pale njiani mpaka jua likawachoma, na mwishowe wakafikia mapatano ambayo Otilia aliyaona ya busara. Watani wataingia, watakaa na wafiwa, lakini hawatasema neno.

"Hata moja," Otilia alisema.

"Hata moja," Blandina alijibu, kwa unyenyekevu ambao ungemshtua mtu mwenye akili timamu.

Kastory alizikwa mchana, kimya, kama mtu asiye na watani. Bangili ilibaki nyekundu mwanzo hadi mwisho. Huko ng'ambo, Otilia aliambiwa baadaye, kumbi za wahisani zilijaa na watu walipanga foleni nje.

* * *

Chai ndiyo iliyoleta balaa.

Waliporudi kutoka makaburini wanawake waliandaa chai, na Blandina akapewa kikombe chake, akaketi mkekani mkabala na Theofrida. Hakusema neno. Alikaa wima, mikono magotini, mzito kama mgeni wa serikali. Watu walimtazama. Blandina Kihongosi amekaa kimya msibani; ilikuwa kama kuona jogoo anayekohoa. Mama mmoja pale nyuma alijiziba mdomo kwa khanga.

Kisha Blandina akainua kikombe. Sasa, Kastory alikuwa na desturi yake, na kijiji kizima kiliijua. Tangu aoe hakuwahi kuamini kwamba chai ya Theofrida ina sukari ya kutosha. Angeinua kikombe hadi usawa wa pua, achungulie ndani kana kwamba kuna mtu amejificha humo, apulize, aonje kwa ncha ya ulimi, halafu amtazame mkewe kwa masikitiko makubwa, bila kusema chochote, miaka yote ya ndoa yao.

Blandina alichungulia kikombe. Akapuliza. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akayainua macho yake taratibu, akamtazama Theofrida, na hakusema neno hata moja, kama alivyoahidi.

Theofrida alimkazia macho. Midomo yake ilitetemeka, na Otilia, aliyekuwa mlangoni, alimwomba Mungu kiwe kilio. Hakikuwa kilio. Theofrida alicheka. Kicheko kilianza puani, kikashuka kifuani, akajaribu kukizuia kwa mkono na kikampita kwenye vidole, akaanguka kwa ubavu juu ya mkeka akicheka na kumwita mumewe kwa jina, "Kastory, Kastory wewe," na uani pote watu wakavunjika mbavu, wakapigana mabegani, machozi yakawatoka. Otilia naye alicheka. Hakupenda, lakini alimpenda kaka yake, na kwa kitambo kile kifupi kaka yake alikuwa amerudi kunywa chai.

Alipoitazama bangili ilikuwa kijani, kijani kibichi kama majani ya mpunga.

* * *

Bangili ilitoa sauti Otilia alipokuwa amefika nusu ya njia ya zahanati. Aliyesema alikuwa Marit, ofisa wa Mfuko anayesimamia kanda yao. Marit alikuwa amejifunza Kiswahili vizuri mno, Kiswahili kisicho na kosa, na Otilia hakuwahi kumsikia akipandisha sauti.

"Bi Otilia, pole sana kwa msiba. Na pia hongera. Tumeona matokeo."

"Ni makosa," Otilia alisema. "Ni desturi ya huku. Watani huja msibani kuchekesha. Haina maana kwamba tumepona."

"Mfuko unaheshimu sana mila. Ndiyo maana kipindi chetu cha kuithibitisha nyekundu tumekipanga kilingane na arobaini yenu, unakumbuka, ninyi wenyewe mlifurahi. Lakini punje haisomi mila. Wahisani walikuwa wamevaa kofia. Walikuja kulia, na ghafla wakajikuta wanacheka. Wengine wamesema ni siku nzuri kuliko zote tangu waanze kuhisi. Wanasema watu wenye moyo kama huo hawahitaji kuhurumiwa."

"Na watoto je?"

Marit alijibu kwa adabu ileile. "Kipimo kinafungwa leo jua likitua. Rangi itakayokuwepo wakati huo ndiyo itakayoandikwa. Ikiwa ni nyekundu iliyokolea, kicheko kitahesabiwa kama hitilafu. Ikiwa si hivyo, mtambo utajifunga kesho asubuhi. Mimi siwezi kukushauri lolote, Bi Otilia. Nakueleza tu utaratibu."

Zahanati ilinuka dawa na uji. Otilia alisimama katikati ya vitanda, akasikiliza mtambo ukipumua kwa niaba ya watoto. Kresensia alikuwa macho, amekumbatia mto, mrija umemchora mistari mashavuni.

"Shangazi, wamemaliza kumzika baba?"

"Wamemaliza."

"Mtani alilala kaburini?"

"Hakulala."

"Mbona hivyo? Baba alisema akifa yeye lazima alale, na asitoke mpaka apewe mbuzi." Mtoto alipumzika, akavuta pumzi. "Mama anakuja na uji?"

"Mama atachelewa kidogo."

Otilia alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Jua lilikuwa limeshainama. Alijiuliza ni nini kingeweza kumrudisha Theofrida kwenye nyekundu ndani ya muda uliobaki. Akimwambia mtoto amezidiwa, ataogopa, na hofu ni njano. Akimpiga, ni maumivu ya mwili, na hayo wahisani walikuwa wameshayachoka. Ilihitajika huzuni yenyewe, nzima, isiyo na tumaini ndani yake. Alizunguka jambo hilo kwa mbali, akajifanya halioni, mpaka akachoka kujifanya. Damu haidanganyi, ni kweli. Lakini hakuna aliyesema kwamba damu haidanganywi.

Alirudi ndani akamwita muuguzi Haule pembeni. Haule alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka mikono kichwani.

"Dada Otilia, huo ni unyama."

"Najua. Una njia nyingine?"

Haule alitazama vitanda vyake. Wakasaidiana kusukuma kitanda cha Kresensia mpaka chumba cha kuhifadhia dawa kule nyuma, wakaunganisha mrija mrefu, na Otilia akamwambia mtoto kwamba watacheza mchezo wa kujificha, mchezo mrefu, na mshindi ni yule asiyetoa sauti.

* * *

Alimkuta Theofrida njiani, amejitwisha chungu cha uji, macho yamevimba kwa kulia na kucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala usingizi mzuri. Hilo Otilia hakulisamehe baadaye, kwamba wifi yake siku ile alionekana mwenye afya.

"Wifi, umemwona Blandina na kikombe," Theofrida alisema. "Mimi nilidhani nitakufa. Nakwenda kumsimulia Kre."

"Tua chungu, wifi."

"Kuna nini?"

"Tua chungu kwanza."

Theofrida alitua. Kumbe mtu huwa anajua kabla hajaambiwa. Mikono yake ilibaki hewani kana kwamba bado imeshika kitu. Otilia alimwambia. Alitumia maneno machache, akayasema vizuri, kama alivyokuwa ameyapanga njiani. Mtoto amefariki. Kifua kilibana ghafla. Haule amejitahidi.

"Saa ngapi?" Theofrida aliuliza.

Otilia hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Muda si mrefu. Mlipokuwa mnakunywa chai."

Hakukusudia. Na atakuja kuapa mbele ya padri kwamba hakukusudia. Lakini alipoona neno hilo limeingia, hakulitoa.

"Nilikuwa nacheka," Theofrida alisema. Alilisema taratibu, kama mtu anayetafsiri. "Mwanangu anakata roho, na mimi nimelala mkekani nacheka."

Hapo ndipo mtu mwenye utu angesema hapana, haikuwa wakati ule, si kosa lako. Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Otilia. Aliitazama bangili. Ilikuwa imepita kijani, imepita nyekundu aliyoizoea, imeingia kwenye rangi ambayo hakuwahi kuiona, nyeusi kwa wekundu wake, nayo bado ilikuwa inapanda. Akafunga mdomo.

Theofrida alipiga yowe, akaanguka juu ya chungu, uji ukamwagika njia nzima. Jua likatua.

"Ahsante, Bi Otilia," Marit alisema kwenye bangili, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na mikwaruzo, kwa maana naye alikuwa amevaa kofia. "Kumbi zote zinalia. Hatuulizi sababu. Sababu ni mambo ya jamii husika. Tumetoa hewa ya misimu mitatu, mradi rangi isishuke kabla ya arobaini."

* * *

Sanduku lilijazwa mchanga wa mtoni, Haule akalipigilia misumari mwenyewe. Ilitolewa amri ya zahanati kwamba ni homa ya vumbi na lisifunguliwe. Theofrida aliomba aoneshwe hata mkono tu, akanyimwa. Aliomba hata nywele, akanyimwa. Kaburi lilichimbwa ubavuni mwa Kastory, udongo wake ukiwa bado laini.

Kwa kifo cha mtoto watani huja, lakini hawatanii. Huketi mbali wakiosha vyombo. Siku ile Blandina alikuwa ameamka mapema akaenda zahanati kudai nguo za marehemu, kwa kuwa nguo za marehemu ni haki ya mtani, awe mkubwa au mdogo. Haule akamfukuza mlangoni bila kumpa hata soksi. Blandina, ambaye hakuzoea kufukuzwa mara mbili katika msiba mmoja, alizunguka nyuma kutafuta kamba ya kuanikia. Akapita kwenye dirisha la chumba cha dawa.

Kwa hiyo sanduku lilipofikishwa, walimkuta Blandina yumo kaburini. Amelala chali, mikono kifuani, macho yamefumbuka.

Watu walinung'unika. Mzee mmoja wa ukoo alimwambia atoke, huyu ni mtoto, utani una mipaka.

"Sitoki mpaka nilipwe," Blandina alisema.

"Utalipwa kuku," mzee alisema.

"Sitaki kuku. Ninayemdai ni Otilia. Aje hapa ukingoni."

Otilia alisogea. Alipoinama alikutana na macho ya Blandina, na katika macho hayo hapakuwa na utani hata chembe.

"Nimemwona," Blandina alinong'ona. "Amejiwekea kidole mdomoni. Kaniambia nisiseme, eti ni mchezo na yeye anashinda. Otilia, mwambie mama yake. Hayo ndiyo malipo yangu. Mwambie, nitoke."

"Nikimwambia watakufa wote, na huyo akiwemo."

"Na usipomwambia?"

"Arobaini ikifika nitamrudishia."

"Utamrudishia nani? Mtazame."

Otilia hakumtazama. Aliokota koleo lililolala kwenye kifusi, akachota udongo, akamwagia Blandina miguuni. Watu walishtuka. Alichota tena, akammwagia tumboni. "Sina cha kulipa," alisema kwa sauti, ili wote wasikie.

Blandina aliinuka, udongo ukimporomoka kwenye nywele. Alipanda juu akisaidiwa na mwenzake mmoja, akasimama mbele ya Theofrida aliyekuwa ameshikwa kwapani na wanawake wawili.

"Mama Kre," alisema. "Mtoto wako yu hai. Yuko chumba cha dawa. Ndani ya sanduku hili kuna mchanga."

Kisha mwanamke mmoja akaanza kulia kwa hasira, mwingine akatema mate chini. Kwa maana ndivyo sheria ya utani ilivyo, na kila mtoto anaijua: mtani msibani husema lolote, humwita maiti mlevi, mwizi, humwambia mjane kwamba mumewe yuko kilabuni anamalizia pombe, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, na hakuna anayeamini. Blandina mwenyewe, kwenye msiba wa mama yake Otilia, aliapa kwa Mungu kwamba amemkuta marehemu mashineni akisubiri unga. Maisha yake yote alikuwa amesema uongo makaburini na kusamehewa. Sasa alikuwa amesema kweli, na hakuwa na sauti nyingine ya kuisemea.

"Naapa," Blandina alisema. "Jamani, mimi sitanii."

"Ndivyo unavyosema siku zote," mzee wa ukoo alimjibu, na watu wakaanza kumsukuma atoke.

Theofrida peke yake hakunung'unika. Alimtazama Blandina akisukumwa mpaka kwenye njia, kisha akageuka akamtafuta Otilia. Katika macho yake kilikuwepo kitu kidogo sana, na mkononi mwa Otilia bangili ilitetemeka, wekundu ukapauka, ukingoni kukaanza kuchomoza ukijani mwembamba.

"Wifi," Theofrida alisema. "Anasema kweli?"

Kutoka pale makaburini paa la zahanati lilionekana. Mtu angekwenda kwa miguu akafika kabla sanduku halijashushwa. Otilia alifikiria Kresensia amebana midomo chumbani, anajitahidi kushinda. Alifikiria vitanda vile vingine na mama zao, ambao karibu wote walikuwepo hapo kaburini, wamevaa kaniki, wanangoja ajibu bila kujua wanangoja nini.

"Anatania, wifi," alisema. "Si unamjua Blandina."

Ukijani ukazimika. Theofrida alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, akajiegemeza begani kwa Otilia kwa uzito wake wote.

"Nilijua," alisema. "Ila nilitaka nisikie kwako, maana wewe hujawahi kunificha kitu."

Akaomba apewe koleo, akaanza kumfukia mwanawe mwenyewe.